Kabla Hujaenda Depo: Ushauri kwa Anayetaka Kuwa Polisi Dar es Salaam

Kila tangazo la ajira za polisi linapotoka, simu yangu haitulii. Wanapiga watoto wa ndugu, watoto wa majirani, hata watoto wa watu niliowahi kuwahudumia kituoni, na karibu wote wanaanza vilevile: "Shangazi, shikamoo. Eti unamjua nani huko?" Nawajibu hapa kwa pamoja, kwa sababu swali hilo limewapotezea vijana wengi fedha na muda.

Nimestaafu nikiwa Mkaguzi Msaidizi wa Polisi. Nilianza konstebo, na namba yangu ikitanguliwa na zile herufi mbili, WP, ambazo kila askari wa kike anazijua. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanyia Dar es Salaam: kaunta, kisha upelelezi, kisha dawati la jinsia na watoto. Nilichojifunza humo ni kwamba polisi wa mjini anajengwa na kalamu yake na masikio yake zaidi ya misuli. Kijana anayelijua hilo mapema hujiandaa tofauti kabisa na wenzake.

Kwanza tuliweke sawa jambo linalowachanganya wengi. Tanzania haina jeshi la polisi la jiji. Wale mnaowaona wakihangaika na wamachinga ni mgambo wa jiji, wanasimamia sheria ndogo za halmashauri na mwajiri wao ni mwingine. Polisi ni jeshi moja la nchi nzima chini ya Inspekta Jenerali, na hakuna fomu ya kuomba "upolisi wa Dar". Unaomba kazi ya polisi, unafunzwa, kisha unapangiwa. Unaweza kujikuta Kigoma au Mafia, na tangazo lenyewe huweka sharti kwamba mwombaji awe tayari kufanya kazi mahali popote Tanzania. Ukiulizwa hilo kwenye usaili, usisite hata kidogo. Lakini Dar es Salaam inameza askari wengi. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu, na kipolisi una muundo wake wa pekee, Kanda Maalum, yenye mikoa ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Basi usishangae ukiletwa huku hata kama hukuomba.

Sifa zenyewe zimo kwenye tangazo, na kila mwaka lisome upya maana hubadilika. Kwa matangazo ya miaka ya karibuni, mwombaji anatakiwa awe Mtanzania wa kuzaliwa, mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 kwa waliomaliza kidato cha nne au cha sita, na hadi 30 kwa wenye stashahada au shahada. Urefu usipungue futi 5 na inchi 8 kwa mwanamume, futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke. Awe hajaoa wala kuolewa, hana mtoto, hana rekodi ya uhalifu, na mwili wake usiwe na michoro. Hili la michoro linawaumiza vijana wa mjini kila mwaka. Jina la mchumba ulilochora mkononi ukiwa kidato cha pili linatosha kukurudisha nyumbani.

Sasa niseme lile ambalo nimeliona likiwaangusha vijana wenye sifa zote: majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha kidato cha nne kina matatu, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameandika Mohamed na shule wameandika Muhammad. Maombi siku hizi yanafanyika kwa mfumo wa mtandaoni na namba ya NIDA ni ya lazima, kwa hiyo tofauti ya herufi moja inaonekana papo hapo. Tangazo likishatoka, huna muda wa kwenda RITA wanakosajili vizazi, kuapa kwa wakili, kurekebisha taarifa NIDA na kurudi. Fanya leo. Tandaza vyeti vyako vyote mezani, usome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Na ile barua ya maombi ya kuandika kwa mkono, iandike kweli kwa mkono wako, kwa mwandiko unaosomeka. Mwandiko ni sehemu ya kazi hii, nitaeleza kwa nini.

Kuhusu "unamjua nani", niwe wazi. Kila msimu wa ajira huzuka watu wenye "konekisheni", wengine wanatembea hata na picha za kupiga na wakubwa. Wanachukua fedha ya kiwanja cha baba, kisha simu inazimwa. Baadhi yao hawana ujanja mwingine zaidi ya kusubiri majina yatoke: aliyepita kwa juhudi zake wanamwambia ni wao waliompitisha, aliyekosa wanamwambia nafasi zilijaa, asubiri awamu ijayo. Wazazi, nawasihi, msitoe hata shilingi. Gharama halali mnazo: nauli ya kwenda kwenye usaili, malazi na chakula, maana mwombaji hujigharamia. Fedha iende huko, na kwenye raba nzuri za kukimbilia.

Anza mazoezi miezi mingi kabla. Kimbia alfajiri, polepole kwanza, siku nyingi za wiki. Anayeanza wiki mbili kabla ya usaili hufika na magoti yamevimba.

Mafunzo ya awali yanafanyika Shule ya Polisi Moshi, ambayo wakongwe bado tunaiita CCP. Depo ni depo. Utaamka usiku, utapiga kwata mpaka miguu iijue yenyewe, utapelekwa porini, na utapigiwa kelele na watu ambao baadaye watakuwa marafiki zako wa maisha. Mwenye shahada na mwenye kidato cha nne wote ni kuruta, wanafagia uwanja mmoja. Vijana wengi hulivumilia hilo vizuri kuliko wanavyodhani. Wanaposinzia ni darasani, wakati mwalimu wa sheria anafundisha, na hapo ndipo ningependa wakaze macho. Kwata utakumbushwa kila paredi. Sheria ya Ushahidi hakuna atakayekurudia kukufundisha.

Ukimaliza na kupangiwa kituo cha mjini, huenda kazi yako ya kwanza ikawa lindo, doria au kaunta. Wengi wanaililia doria na kuikimbia kaunta. Mimi nakwambia, mdogo wangu, ukipata kaunta ya kituo chenye watu, kama vile vya Kariakoo, Buguruni au Mbagala, shukuru Mungu. Katika zamu moja atakuja aliyeibiwa simu kwenye daladala, mpangaji aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba, bodaboda aliyegongwa anayehitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mama anayemtafuta mtoto aliyepotea sokoni, na wanandoa wanaotukanana mbele yako. Kila mmoja anaamini jambo lake ndilo kubwa kuliko yote. Wewe una dakika chache za kujua lipi ni jinai, lipi ni la madai linalopaswa kwenda kwingine, na lipi linataka tu mtu mzima wa kulisikiliza.

Jifunze kusikiliza bila kukatiza. Mwache mlalamikaji amalize mara ya kwanza kwa mtiririko wake hata kama anazunguka. Kisha muulize: lini, wapi, nani alikuwepo, ulimtambuaje, kulikuwa na mwanga gani, mlikuwa umbali gani. Maswali hayo ya utambuzi usiku yanaonekana madogo, lakini kesi nyingi za unyang'anyi zinakufa hapo. Shahidi amesema "nilimtambua", na hakuna askari aliyeandika alimtambua kwa taa ipi.

Dawati la jinsia na watoto lilinifundisha usikilizaji wa aina nyingine. Mtoto aliyeumizwa hasimulii kwa mpangilio. Ataanza na rangi ya ndala za yule mtu, atarukia mbwa wa jirani, atanyamaza. Ukimharakisha, anakuambia unachotaka kusikia, na hayo hayatasimama mbele ya hakimu, mbali na kwamba umemuumiza tena. Nilikuwa nakaa chini, chini kabisa, macho yangu yasiwe juu ya yake, na maneno yake niliyaandika kama alivyoyatamka, bila kuyageuza kuwa ya kipolisi. Kama unapewa nafasi ya kwenda dawati, ichukue hata kama wenzako wanaiona ni ya akina mama. Askari wa kiume wenye subira wanahitajika sana pale.

Sasa kalamu. Siku moja utapanda kizimbani, pengine mahakama ya Kisutu, na wakili wa utetezi atashika maelezo uliyoyaandika miaka iliyopita. Hutakumbuka sura wala siku, utakuwa na karatasi tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakupa muda wa saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu. Nimeshuhudia maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikwa mtuhumiwa baada ya kuonywa haki zake, ya mtu aliyekiri yakikataliwa mahakamani kwa sababu hapakuwa na maelezo ya muda uliopotea kati ya kukamatwa na kuhojiwa. Vivyo hivyo kielelezo. Nani alikikamata, alimkabidhi nani, saa ngapi, kikatunzwa wapi, nani alikitoa kwenda kwa Mkemia Mkuu, nani alikirudisha. Ni kama maji kwenye ndoo, tundu moja linatosha. Mtuhumiwa anaachiwa, familia ya mlalamikaji inalia kwamba polisi wamekula fedha, na kumbe kilichokosekana ni saini moja kwenye hati ya makabidhiano.

Kwa hiyo nunua daftari lako, andika kila tukio lenye uzito siku ileile: saa, mahali, majina ya waliokuwepo. Soma majalada ya wapelelezi wakongwe kila unaporuhusiwa. Nenda ukakae mahakamani siku ya mapumziko usikilize wenzako wakihojiwa. Nakwambia kwa dhati, asubuhi moja ya kusikiliza maswali ya dodoso, yale ya upande wa pili kumbana shahidi, ilinifaa kuliko semina nyingi.

Rushwa haiji siku ya kwanza ikiwa bahasha nene. Inakuja kama "afande, ya soda hiyo". Inakuja kutoka kwa ndugu wa mahabusu usiku wa Ijumaa, anayeogopa kaka yake asilale ndani mpaka Jumatatu. Vituoni tumebandika kwamba dhamana ni bure, na wananchi wanaisoma hiyo karatasi huku wakikuangalia usoni. Ushauri wangu ni kuwa na sentensi yako tayari, moja, na uiseme kwa upole siku zote: "Mama, hii haina malipo, kaa hapo nikuandikie." Ukishaisema mara nyingi, mtaa mzima unakujua, na hata wenzako wanaacha kukushirikisha. Utaitwa mgumu. Kuna wakati nilikula chakula cha mchana peke yangu. Lakini hakuna mtuhumiwa aliyewahi kuninyooshea kidole kizimbani, na uhuru huo una thamani kubwa kuliko nilivyoweza kuueleza nikiwa kazini.

Soma pia yaliyosemwa na Tume ya Haki Jinai iliyoundwa mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ilipendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi. Baadhi ya askari waliona wamesemwa vibaya. Mimi ningependa kila kuruta ajue kwa nini wananchi wanalalamika kabla hajavaa sare, ili asiwe sababu ya malalamiko yajayo.

Vyeo vinakwenda polepole. Konstebo, koplo mwenye V mbili, sajenti mwenye tatu, stesheni sajenti, sajenti meja, halafu nyota zinaanza kwa Mkaguzi Msaidizi. Kila hatua ina kozi yake, na nafasi za kozi ni chache kuliko wanaozistahili. Utaona aliye nyuma yako akikutangulia. Usikae ukihesabu; soma. Chukua stashahada ya sheria, uhasibu au teknolojia ya habari, maana uhalifu wa mtandaoni na wa miamala ya simu umejaa mezani na wanaoufahamu ni wachache. Taarifa za masomo yako hakikisha zimeingia kwenye jalada lako la utumishi, usidhani zitaingia zenyewe.

Fedha nayo niiseme bila kuficha. Askari ana mshahara wa uhakika, na kwa hiyo wakopeshaji wanampenda. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, imewaharibu askari wazuri, kwa sababu mwenye deni la namna hiyo ndiye anayeanza kuipokea ile ya soda. Ukihitaji mkopo, kuna URA SACCOS, chama chetu wenyewe cha akiba na mikopo. Na kota, nyumba ya kazini, si nyumba yako. Tafuta kiwanja mapema, Chanika au Kibaha, jenga chumba kimoja kimoja.

Ukifika ngazi ya ukaguzi, omba kupelekwa kata. Mkaguzi wa kata hana msafara wala king'ora, ana mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mabalozi, viongozi wa bodaboda, walimu wakuu, na vijana wa ulinzi shirikishi wanaokesha na filimbi. Wiki ya kwanza pita mtaa kwa mtaa kwa miguu, salimia, acha namba yako ya simu. Kisha ipokee, hata saa nane za usiku, hata kama ni mtu yuleyule aliyepiga jana kuhusu muziki wa baa.