START au SALT: tupime vipi?

SWALI: Jambo Mama. Hapa Goma tunajifunza uokoaji kwa miwani ya kompyuta inayoonyesha ajali ya kuigiza: basi limepinduka, majeruhi wametapakaa. Kundi letu linatumia START, wenzetu SALT, njia mbili za kuwapanga majeruhi kwa rangi ili ijulikane nani ahudumiwe kwanza. Tutajuaje njia iliyo bora? — Mwanafunzi, Katindo

JIBU: Jambo mwanangu. Msipime kasi peke yake. START, iliyobuniwa California mwaka 1983, hukumbukika upesi: anayetembea ni kijani, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza; asiyepumua hata ukimfungulia njia ya hewa ni nyeusi, yaani amefariki. SALT inakutaka uzuie kwanza damu inayomwagika, kisha utoe rangi. Tena ina kijivu, kwa aliye hai ambaye vifaa vilivyopo havitoshi kumwokoa. Rangi hiyo inawatesa sana wanafunzi wangu, na ni afadhali iwatese darasani.

Kwa miwani, makundi yote mawili hukutana na majeruhi wale wale. Tenganisheni makosa: kumpa mahututi njano, rangi ya anayeweza kungoja, kunaweza kumuua; kumpa nyekundu mwenye jeraha dogo kunajaza ambulansi bure. Baadaye badilishaneni njia, kwa ajali mpya, maana ya kwanza mmeshaikariri. Kufunga turniketi, mkanda wa kukaza ili kuzuia damu, fanyeni uwanjani, kwenye mguu wa mwenzenu. Vidole havijifunzi kukaza kupitia miwani.