Kadi ya gemu kwa kompyuta ya zamani: soma stika ya powa saplai kwanza

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nina Dell OptiPlex 9020 ile ya kesi kubwa ya kusimama, nilinunua mtumba, ndani ina prosesa i5-4590, ramu GB 8 kijiti kimoja na haddiski ya kawaida. Nataka kucheza GTA V maana sasa hivi natumia grafiki ya ndani ya prosesa na inakwama kila kona. Fundi kaniambia nichukue kadi ya grafiki ya RX 580 ya GB 8, umeme ataunganisha na adapta kutoka kwenye waya wa haddiski. Bajeti yangu haizidi laki nne. Nisaidieni kabla sijatoa hela. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kaka, hela yako ishikilie kwanza. RX 580 yenyewe ni kadi nzuri, imetoka 2017 na kwenye mashine inayoiweza inakimbiza GTA V bila shida, tatizo liko kwenye hiyo Dell. Fungua ubavu wa kesi usome stika ya powa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani, kwa 9020 ya kesi kubwa utakuta wati 290. Sasa piga hesabu: RX 580 inakula mpaka wati 185, prosesa yako imepangiwa 84, hapo ushafika 269 na bado hujagusa haddiski, feni, ramu wala mazabodi yenyewe, ile bodi kuu inayobeba kila kitu.

Na hiyo adapta naomba uikatae kabisa. RX 580 nyingi zinataka plagi ya pini 8 ambayo inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 150, wakati plagi ya SATA ya haddiski ina pini 3 za volti 12 na kila moja inabeba ampea 1.5, yaani wati 54 kwa plagi nzima. Ukiwasha gemu zito hapo plagi inachemka, plastiki inalainika, unaanza kusikia harufu, na kikiungua kitu kinaweza kuondoka na mazabodi. Ni hatari jamani, watu wanafanya na wengine inawakubalia kwa muda ila mimi siwezi kukushauri hivyo.

Utasema basi nibadili powa saplai. Inawezekana, ila mazabodi ya 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, ina ya pini 8 ya Dell wenyewe, kwa hiyo utanunua powa saplai na waya wa kugeuzia juu yake, hela ya kadi inaanza kumegeka.

Kwa mashine yako tafuta kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, yaani lile tundu la mazabodi kadi inapochomekwa, sloti inatoa mpaka wati 75. Chaguo langu ni GTX 1650 ya GB 4, lakini iangalie kwa macho kabisa kabla ya kulipa, kuna 1650 zilizotengenezwa na tundu la pini 6 pembeni, hizo ziache, yako iwe haina tundu lolote la umeme. GTX 1050 Ti nayo inaingia, shida ni ya 2016 na Nvidia, watengenezaji wa chipu yake, walifunga draiva (programu zinazoiendesha kadi) za kawaida za gemu kwa kizazi hicho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu, 1650 bado inapata. Kama bei hazijaachana sana usijiulize mara mbili. Kuna na RTX 3050 ya GB 6 ya mwaka 2024, wati 70, hiyo ndo tamu kuliko zote hapa ila kwa laki nne sidhani kama utaipata mpya.

Kuhusu GTA V usiwe na wasiwasi, watengenezaji wenyewe walipendekeza i5-3470 na GTX 660, na wewe prosesa yako ni mpya kuliko hiyo.

Sasa kwenye kununua usikubali mbuzi kwenye gunia. Sokoni kuna 1050 Ti feki, ndani ni chipu ya zamani kama GTX 550 Ti ya 2011 iliyobadilishwa jina, Windows inakuonyesha 1050 Ti na wewe unafurahi. Ukiona 1050 Ti ina tundu la VGA la bluu rudisha hapo hapo, kizazi hicho hakitoi VGA kabisa. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako, afungue programu ya GPU-Z ambayo ni bure, kadi ya kughushi inaandikwa FAKE mbele ya jina. Halafu piga gemu hata robo saa feni zizunguke uzisikilize.

Chenji ikibaki ongeza kijiti kingine cha ramu ya DDR3 cha GB 8, vijiti viwili vinafanya kazi pamoja na utaona tofauti. Kama monita yako ni ya VGA nunua na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, na waya uchomeke kwenye kadi, wengi wanauacha kule kwa zamani kwenye mazabodi halafu wanasema kadi mbovu.

SWALI: Mimi niko Mombasa, nina HP EliteDesk 800 G1 ile slimu. Naona kadi ya RX 6400 inaingia, nichukue? (Msomaji)

JIBU: Kuingia inaingia dada, ipo fupi na inakula wati 53 tu. Lakini inatumia njia 4 za sloti badala ya 16 na imetengenezwa kwa sloti ya PCIe toleo la 4.0, HP yako ni la zamani la 3.0 kwa hiyo inabanwa nusu, kwenye gemu zinazojaza memori ya kadi utaona mikwamo. Pia haina uwezo wa kurekodi video kwa chipu yake, kama unapenda kurusha gemu laivu kazi yote inaangukia prosesa. Tafuta GTX 1650 fupi, ile ya loprofaili, na hakikisha unapewa na kile kibati kifupi cha nyuma, ukipewa kirefu kesi haitafunga.