Nilimununulia mama omega ya dola 45, yeye akaniambia sambaza zangu ni za jana

Juzi dada mumoja wa Goma ameniandikia ku WhatsApp saa tano ya usiku, bila hata salamu: "Yaya, baba ameanza kusahau, kuko mutu ananiuzishia omega 3 (kapsuli za mafuta ya samaki) ya dola 45, ninunue?" Nikasoma mara mbili nikaweka simu chini. Juu hiyo swali njo ile ile niliulizaka miaka ine iliyopita, na sikupata mutu wa kuniambia ukweli, nilipata tu wa kuniuzishia.

Basi ninamujibu hapa, na nyie wengine wenye munaniandikiaka mambo ya wazazi musome.

Mama yangu ameuzisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa Kivu, zaidi ya miaka 30. Ametusomesha sisi sita na sambaza, mimi na diplome yangu ukutani ninanuka sambaza na sina haya. Saa kumi na moja ya asubuhi yuko Beach Muhanzi, hapa Bukavu, anangojea mitumbwi, zile zinafungwa tatu-tatu na miti, zenye zimelala ku ziwa na taa. Kwa wenye hawajue, sambaza si samaki ya kuzaliwa Kivu, walizitoa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 wakazimwanga humu. Mama alikuwa anapenda kusema yeye na sambaza za Kivu ni umri mumoja.

Ilianza na chumvi. Anaweka mu sombe, anazunguka, anaweka tena. Tulicheka. Kisha makuta, anarudishia mteja franga mingi kuliko ile amelipa, na wateja wengine (Mungu anawaona) wakajua na wakaanza kuja kwake makusudi. Kisha siku moja ya mvua alitoka Kadutu kurudi nyumbani, njia amepita maisha yake yote, tukamupata saa mbili ya usiku kule mutaa wa Essence, viatu mukononi, anauliza watu nyumba ya mama yake. Mama yake alikufa nikiwa mutoto.

Njo ndugu walianza kusema. Eti ulozi. Eti mwanamuke muzee anatembea usiku anatafuta nini. Wakamupeleka mu chumba fulani cha maombi, wakamufungisha siku tatu bila chakula, mutu mwenye sukari! Sitataja jina, wenyewe wanajijua na wengine wanasoma hapa. Nilisamehe, lakini sijasahau, na sahau mu nyumba yetu iko ya mutu mumoja tu.

Hospitali walimupima tansyo (presha ya damu): 19 kwa 11, yaani juu sana. Munganga akaeleza kwamba ni demansi, ubongo unakufa kidogo kidogo, na mishipa ya damu iliyoharibika na tansyo imechangia. Hakuna dawa ya kuponyesha. Mimi nikasikia ile ya mwisho tu, nikatoka pale natafuta dawa.

Hapo njo kapsuli iliingia. Jamaa alinieleza vizuri sana, eti ubongo ni mafuta, eti DHA, ile mafuta moja ya omega 3, njo tofali ya ubongo. Na shida ni kwamba hakudanganya! DHA ni kweli iko mu ngozi za seli za ubongo, mwili wetu unatengeneza kidogo sana, ingine lazima uikule, na inapatikana zaidi mu samaki ya mafuta. Uongo ulikuwa mu ile sentensi ya pili, eti ukimupa atakumbuka. Dola 45 kila mwezi, miezi 18. Piga hesabu: dola 810. Kuna mwezi sikulipa minerval (karo ya masomo) ya mutoto juu ya kapsuli.

Mama aliendelea kusahau vile vile.

Kisha, nikiwa nimeishiwa, njo nikaanza kusoma. Kumbe Marekani walikuwa wamejaribu hiyo kitu tayari, matokeo yalitoka 2010: watu 402 wenye Alzheimer (aina ya demansi yenye inapata watu wengi zaidi), wengine walipewa gramu 2 za DHA kila siku, wengine kapsuli ya mafuta ya kawaida, miezi 18. Kumi na minane kama yangu. Ugonjwa uliendelea sawa kwa wote. Nilikaa ku ngazi nikalia, si juu ya mama, juu ya zile 810.

Lakini usifunge hapo ukatupa samaki. Chicago, 2003, waliangalia wazee 815, na wale wenye walikuwa wanakula samaki hata mara moja kwa wiki, hatari yao ya kupata Alzheimer ilikuwa chini kwa 60% kuliko wale wenye hawakulake ao wanakula mara chache. Angalia vizuri sasa: hao walikula mbele ya ugonjwa, mu sahani. Na pengine si mafuta peke yake, mwenye kula samaki anaweza kuwa anatembea pia na hakulake mafuta mingi, nani ajue.

Kwa hiyo shauri langu ni hii. Kula samaki mapema. Wewe mwenye uko na miaka 35 na unacheka mama yako, kula samaki, mara mbili kwa wiki, sambaza, ndakala, hata sardini ya mukebe, na si kila siku ya kukaanga mpaka imekauka kama kijiti, chemsha na nyanya. Na makayabu ni samaki lakini ile chumvi yake inapandisha tansyo, kwa hiyo pole. Pima tansyo! Watafiti wa jarida la Lancet mu 2024 walihesabu mambo 14 yenye yakishughulikiwa karibu 45% ya demansi ingeweza kuepukwa ao kuchelewa, na mule kuko tansyo, sukari, masikio yasiyosikia, kukaa peke yako, hata moshi. Omega haimo. Kupima tansyo haiombi dola 45. Na kama muzazi wako anakunywa dawa za kulainisha damu, usimupe kapsuli bila kuuliza munganga. Ninarudilia, samaki mapema, tansyo kila mwezi, na usimuache muzee peke yake mu chumba juu anakuletea haya. Siye alikuletea haya ukikojoa ku mugongo wake?

Tangu tansyo yake ikae vizuri mama hajapona, lakini analala, na haendi tena Essence.

Wiki iliyopita nilinunua sambaza haraka haraka nikitoka kazi. Mama alichukua moja, akaifinya tumboni na kidole, akanusa, akaniita na jina la shangazi yangu: "Hizi ni za jana. Nani amekudanganya?" Akavaa kitambaa, tukarudi soko naye amenishika mukono. Yule mama muuzaji alimwangalia, akaangalia chini, akarudisha franga bila neno. Mama akazihesabu mbele ya watu wote, kwa sauti. Alikosea mara mbili, na mimi nikanyamaza.