Chokleti yangu imekuwa uji, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mjomba wangu wa Kyela alinitumia kilo mbili za kakao kavu nikasema ngoja nijaribu chokleti mwenyewe maana za dukani bei imechangamka. Nimekaanga, nimetoa maganda, nimesaga na blenda, nikaweka sukari na kikombe cha maziwa ya ng'ombe. Shangazi imekuwa kama uji, siku mbili friji haigandi, inakwaruza ulimi na uchungu unabaki kooni. Nimekosea wapi? (Mama Junior, Mbeya)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, ila nimecheka kidogo maana hata Daniel Peter wa Uswisi, yule aliyetoa chokleti ya maziwa mwaka 1875, alihangaishwa miaka na hayo hayo maji ya kwenye maziwa. Maziwa karibu asilimia 87 ni maji, kakao nayo kama nusu yake ni mafuta, ukivikutanisha sukari inanyonya maji inanata na mafuta yanabaki kivyake, ndo huo uji. Yeye alikuja kufanikiwa kwa maziwa mazito yaliyoshapunguzwa maji. Wewe tumia maziwa ya unga, na kila kitu kiwe kikavu, mwiko, bakuli, mpaka mikono yako.

Huo uchungu sasa, hapo namshuku mjomba, samahani. Chukua punje kumi ukate katikati na kisu. Zikiwa za kahawia na mipasuko mipasuko ndani zimevundikwa vizuri, zikiwa zambarau au kijivu hazikuvundikwa vya kutosha na hakuna kukaanga kutakakoziokoa. Kakao ikitoka kwenye tunda ina ule ute mweupe mtamu ambao watoto wanaufyonza, inatakiwa ikae na ute wake kwenye sanduku la mbao, ifunikwe majani ya mgomba siku 5 au 6 huku inageuzwa, inachemka yenyewe mpaka joto linafika nyuzi 45 na zaidi, ndo ianikwe juani kama wiki. Ladha ya chokleti inaanzia kwenye lile sanduku, sio kwenye sufuria yako.

Kukaanga: oveni nyuzi 130 dakika kama 25, au kikaango na moto mdogo ukikoroga kama karanga, mpaka nyumba inukie keki. Vunja vunja, pepeta kwa ungo. (Wenzetu Ulaya wanapeperusha maganda na mashine ya kukaushia nywele, ungo hawana.) Kilo mbili zitakupa kama kilo moja na nusu safi.

Kukwaruza ni blenda, haiwezi kufikia ule ulaini. Rodolphe Lindt mwaka 1879 alikuja na mashine ya kuisugua chokleti masaa na masaa, ndo ikaanza kuyeyuka mdomoni. Nyumbani ile mashine ya mawe ya Wahindi ya kusagia rojo la dosa (chapati zao nyembamba) inafanya kazi hiyo, unaiacha izunguke usiku kucha na zaidi. Kama huna, saga sukari iwe unga kwanza, twanga kakao ikiwa bado ya moto, na ukubali chenga kidogo, mbona kule Modica, Italia, wanauza chokleti ya chenga chenga na wanajivunia. Anza na gramu 700 za kakao kwa 300 za sukari. Ukitaka ya maziwa, 500 kakao, 300 sukari, 200 maziwa ya unga.

Huo uji usimwage, ongeza maziwa uchemshe, mnywe jioni.

SWALI: Yangu iliganda vizuri tu, baada ya wiki ikatoa weupe juu kama ukungu. Niitupe? (Msomaji, Dar)

JIBU: Usitupe, mara nyingi huo sio ukungu, ni mafuta ya kakao yamepanda juu. Iyeyushe upya, ipandishe hadi nyuzi 45, ikoroge ishuke hadi 27, kisha irudishe 31 ndo umimine kwenye vyombo. Kama huna kipima joto gusisha tone kwenye mdomo wa chini, lihisi ubaridi kidogo tu. Ila mafuta ya kakao yanayeyuka kama nyuzi 34, na Dar hii mchana tunakaribia huko huko, kwahiyo fanya usiku, na friji weka kwenye kopo linalobana maana unyevu nao unaleta weupe wake.

SWALI: Naweza kutumia kokoa ya unga ya dukani na majarini? (Binti wa Tanga)

JIBU: Majarini ina maji ndani, utarudi kwenye uji wa Mama Junior. Tumia mafuta ya nazi, Tanga mnayo, ila yanayeyuka nyuzi 24 hivi kwahiyo itoe friji na uile hapo hapo.