Leseni ya Baa Si Pambo la Ukutani: kwa Wanaoanza Kazi ya Kaunta

Usiku wangu wa kwanza kuachiwa kaunta peke yangu niliumalizia kituo cha polisi. Baa ilikuwa na leseni halali, tena iliyolipiwa mapema. Lakini karatasi yenyewe ilikuwa ndani ya droo ya meneja, droo imefungwa, meneja yuko harusini Malindi, na saa ilikuwa tano na robo usiku, mezani kuna bia sita zimefunguliwa. Afisa aliniuliza mawili tu: leseni iko wapi, na hizi umeziuza saa ngapi? Sikuwa na jibu hata la moja.

Ndiyo sababu kijana yeyote akiletwa kwangu afundishwe kazi, siku ya kwanza hagusi chupa. Namsimamisha mbele ya leseni aisome.

Wengi wenu mnadhani leseni ni ruhusa ya kuuza pombe, basi. Sivyo. Ni ruhusa ya mtu fulani, katika jengo fulani, kuuza kwa namna fulani, kwa saa fulani, na kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Kimoja kikibadilika, mnauza bila leseni hata kama karatasi ingali inang'aa ukutani. Na ni lazima iwe ukutani, mahali mteja na mkaguzi wanapoiona bila kuuliza. Hilo limo katika Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati ule, John Mututho, aliyeipeleka bungeni.

Anza na mahali. Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti, na kila kaunti ina sheria yake, ada zake na kamati zake za kupitisha maombi. Sisi wa Pwani ya kaskazini jambo hili linatugusa kuliko wengi. Shanzu ni Mombasa. Ukivuka daraja la Mtwapa uko Kilifi. Rafiki yangu mmoja alihamisha baa yake kutoka upande huu hadi ule, friji, viti na leseni vyote juu ya lori moja. Friji zilifanya kazi vizuri. Leseni ikawa karatasi tu, akaanza upya kuanzia fomu. Hata ndani ya kaunti moja huhami nayo kutoka jengo hadi jengo kama unavyohama na godoro.

Kabla ya kumlipa mwenye nyumba pesa ya kuingilia, tembea kwa miguu. Sheria ya 2010 inakataza leseni kutolewa kwa jengo lililo ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto, na chekechea imo. Watu huangalia shule kubwa yenye geti na bendera, wakaisahau ile ya vyumba viwili nyuma ya msikiti au kanisa, yenye watoto ishirini na mwalimu mmoja. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, saa nne hivi, wakiwa kwenye mapumziko. Utawasikia kabla hujawaona.

Halafu aina ya leseni. Hapa ndipo ujanja mwingi hufanyika, na ndipo wengi hunaswa. Kwa sheria ya 2010, baa ya kawaida inaruhusiwa kuuza Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu inaanza saa nane mchana, na mwisho ni ule ule wa saa tano. Mwenye baa akiona mchana unampita bure, anaomba leseni ya mkahawa au ya hoteli, maana saa zake ni tofauti. Sawa, lakini leseni ya mkahawa ni ya kumuuzia anayekula. Mkaguzi mwenye uzoefu haendi kaunta, anaenda jikoni. Akikuta sufuria kavu na buibui kwenye jiko, hana haja ya kukuuliza zaidi. Na duka la waini lenye leseni ya kuuzia watu wabebe waende zao si baa: mkimpa mteja glasi na kiti cha plastiki nje ya dirisha, mmeshavunja sharti. Wanaogema na kuuza mnazi nao, sheria hii ya 2010 inazihusu pombe za kienyeji pia, kwa hiyo mangwe, yaani kilabu cha mnazi, nayo haiponi kwa kusema ni mila.

Umri sihitaji kuurefusha: chini ya miaka 18 haumuuzii, wala haumwajiri kuuza. Omba kitambulisho hata kama atanuna. Atakayenuna zaidi ni yule wa miaka ishirini na tano, na huyo mwombe radhi umpunguzie hasira kwa njugu.

Chupa za kiwandani zikague zikishushwa, kabla hazijaingia stoo. Stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, lazima iwepo. Ipo programu ya simu ya Soma Label ya kuihakiki. Chagua chupa chache kwenye kila mzigo uzipitishe. Muuzaji anayekuletea kreti kwa bei ya kushangaza saa mbili usiku, kwa bodaboda, mrudishe na kreti zake. Baada ya watu kufa kwa pombe haramu Kirinyaga, Februari 2024, serikali iliongeza msako nchi nzima, na anayekutwa na chupa mkononi ni wewe wa kaunta, si aliyeileta.

Sasa saa tano yenyewe, maana ndiyo iliyonilaza kituoni. Saa yetu ya ukutani nimeisogeza mbele dakika kumi, na wateja wa kila siku wanajua, lakini inasaidia vilevile. Saa nne na nusu wahudumu wanapita kila meza: "Boss, hii ndiyo ya mwisho, nikuletee pamoja na bili?" Tamka bili katika sentensi hiyo hiyo. Ukiitenganisha utasikia "bado moja" hadi usiku wa manane. Saa tano kasorobo muziki unapungua, taa za ukumbini zinawashwa, chupa tupu zinaanza kuondoka mezani. Risiti ya mwisho inaandika saa yenyewe. Itoe, ichomeke kwenye kijitabu cha zamu pamoja na jina la aliyeuza. Afisa akiingia saa tano na dakika tano akakuta mzee anamalizia glasi yake, usibishane naye wala usimpe mkono wenye kitu ndani. Mwoneshe leseni ukutani, mfungulie kijitabu, kisha umsaidie mzee kuvaa koti.