Maswali ya Wasomaji: Saa Nzima Kwenye Foleni

SWALI: Mhariri, salaam. Mwezi ujao nakwenda Orlando, Florida, pamoja na mama yangu mzazi na wanangu wa miaka 6 na 11, kutembelea bustani ya Animal Kingdom iliyomo Walt Disney World. Safari iliyopita, kwenye bustani nyingine ya burudani, tulipanga foleni zaidi ya saa moja kwa ajili ya chombo kilichotuzungusha dakika tatu. Simu niliyowapa watoto ili watulie iliisha chaji hata nusu ya foleni hatujafika, na kilichofuata ni vita. Je, niwashughulishe kwa lipi?
Mama wa Wawili, Columbus, Ohio

JIBU: Mama wa Wawili, pole. Simu uliitoa mapema mno; safari hii ikae mkobani pamoja na pawabanki mpaka robo saa ya mwisho, watoto watakapokuwa wamechoka kweli.

Foleni za huko husogea hatua tano, zikasimama, zikapinda kona, zikasogea tena, kwa hiyo mchezo unaofaa ni ule unaoweza kukatizwa katikati bila mtu kununa, na sijaona unaovishinda vitendawili. Mwachie bibi yao kazi hiyo. Akisema "Kitendawili!", wakamjibu "Tega!", naye akatega "Kuku wangu katagia miibani", yule wa miaka 6 akishindwa atoe mji, na bibi asikubali mji wowote tu: aikatae Columbus, adai Zanzibar, kisha asimulie kwa kituo alivyopokewa huko, alivyolala na alivyokula, ndipo afichue kwamba ni nanasi. Kitendawili kimoja kikichezwa hivyo kinaweza kumaliza dakika kumi, na zamu ya kutega ikiwafikia watoto, watatega vya kubuni ambavyo hata wenyewe hawana jibu lake.

Bustani mnayokwenda, iliyofunguliwa mwaka 1998, ina jambo jingine la kuwafaa ninyi hasa. Ndani yake mna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu kama Lamu, chenye maandishi ya Kiswahili, nacho kiko jirani na foleni ya Kilimanjaro Safaris. Mpe yule wa miaka 11 daftari na penseli anakili kila neno la Kiswahili analoliona, huku bibi akisahihisha, akianza na hilo jina lenyewe lililopungukiwa "e" moja. (Ataulizwa pia Dawa Bar inauza dawa gani, hilo nawaachia wenyewe.)

Safari hiyo ya wanyama haina sharti la kimo, lakini Expedition Everest, treni ya kasi ya bustani hiyo, inataka sentimita 112, basi mpimeni mdogo nyumbani, kuliko alie mlangoni. Asipofika, uliza utaratibu wa Rider Switch, ambao humwezesha mtu mzima mmoja kupanda huku mwenzake akibaki na mtoto, kisha wakabadilishana bila huyo wa pili kuianza foleni upya. Viti vya kukunja haviruhusiwi kuingizwa. Bibi akihisi magoti, viti vya magurudumu hukodishwa karibu na lango kuu. Na kabla ya kuingia foleni yoyote, wote wapitie msalani, hata anayeapa kwamba hana haja.