Kabla ya kuuliza dawa, geuza jani

Wiki haipiti bila mtu kuniletea picha ya mche wa nyanya uliojikunja majani, na chini ya picha maneno mawili: dawa gani? Wengine ni majirani zangu hapa Kigamboni, wengine vijana waliobahatika kupata nafasi nyuma ya nyumba, wengine wastaafu wanaotaka kula mchicha wanaojua ulikotoka. Mimi huwarudishia swali: umegeuza jani? Karibu wote hawajageuza. Wameona juu, wakaingiwa na hofu, wakaanza kutafuta chupa.

Nalima mboga bila dawa za viwandani wala mbolea ya chumvichumvi kwa mwaka wa 12 sasa, kwenye mchanga wa pwani ambao ukiumwagia ndoo ya maji, baada ya dakika chache huoni yalikokwenda. Wewe unayeanza, shika kwanza hili: kazi kubwa ya bustani ya aina hii ni kukagua. Dawa, hata ya mwarobaini, hufuata baadaye, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Nianze na udongo, maana ndiko nilikoumia. Mwaka wa kwanza niliunguza miche 80 ya nyanya ndani ya siku 4. Nilikuwa nimepata viroba 6 vya mbolea ya kuku wa nyama, bado ya moto, inanuka hadi macho yanatoa machozi. Nikaitia kwenye mashimo na kupanda siku hiyohiyo. Majani yakakauka kuanzia kingo kuelekea ndani, na nilipong'oa mche mmoja nikakuta mizizi imekuwa ya kahawia yote, hakuna hata unyuzi mmoja mweupe. Tena mbolea yenyewe ilikuwa nusu maranda. Maranda yakifukiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha huhitaji naitrojeni, na huichukua palepale ambapo mmea uliitegemea. Ndiyo maana bustani iliyojazwa maranda hugeuka njano wakati mwenyewe anaapa kwamba ameweka mbolea nyingi.

Samadi yoyote mbichi, ya kuku hasa, ipitishe kwenye lundo la mboji kwanza. Changanya na majani makavu, nyasi na maganda ya jikoni kwa tabaka, nyunyizia maji kila tabaka, na lundo lisipungue mita 1 kila upande, kwa sababu lundo dogo halipati joto la kutosha. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku 3 au 4 ichomoe uishike. Ikiwa ya moto kiasi kwamba hutaki kuendelea kuishika, kazi inakwenda vizuri; ndani kuna nyuzi 55 hadi 65 hivi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Ikitoka ya baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikitoka ya baridi na inanuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa haipiti: geuza, ongeza makavu. Geuza kila baada ya wiki 2. Mboji ikiwa nyeusi, inamomonyoka mkononi na kunukia udongo wa mvua ya kwanza, iko tayari.

Kwenye mchanga kama wetu, mboji bila matandazo ni hasara. Funika tuta kwa nyasi kavu au majani ya migomba kwa unene wa vidole vinne, lakini uyasogeze mbali kidogo na shina, maana shina linaloloa muda wote huoza. Mchwa watakuja kula matandazo makavu. Waache wayale. Mara nyingi huhamia kwenye mmea pale matandazo yanapokwisha na mmea wenyewe ukiwa umedhoofika kwa kiu.

Sasa turudi kwenye lile jani lililojikunja. Ligeuze. Ukikuta vidudu vidogo laini, vya kijani au vyeusi, vimesongamana kwenye ncha changa, hivyo ni vidukari, wengi wanawaita wadudu mafuta kwa sababu ya ule utomvu mtamu unaong'aa. Ukitikisa mmea yakaruka mawingu ya vitu vyeupe kama vumbi la unga, hao ni nzi weupe. Ukiona jani limepauka kwa vidoti, na chini kuna utando mwembamba kama wa buibui, shikilia karatasi nyeupe chini yake uligonge: vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Na kama chini ni kusafi kabisa, jani ni la kijani na limekunja kingo zake juu mchana wa jua kali, kisha asubuhi linakunjuka, hapo mmea unajikinga tu na joto. Hizo ni picha nne zinazofanana ukizipiga kutoka juu, na kila moja ina jibu lake.

Vidukari na utitiri, anza na maji. Maji tu, kwa nguvu, upande wa chini wa majani, asubuhi tatu mfululizo. Utitiri haupendi unyevu kabisa, na kidukari kilichoangushwa chini ni vigumu kurudi. Kisha fuata sisimizi. Ukiwaona wanapanda na kushuka shinani, ujue wanakula ule utomvu na wanawalinda vidukari dhidi ya wadudu wanaowala. Kata majani yanayogusa ardhi au uzio ili wasiwe na daraja.

Hapa naomba utulie nami kidogo. Siku moja kijana ninayemfundisha alinionyesha kwa fahari kopo la "wadudu" aliowatoa kwenye kabichi. Nikamimina mkononi. Walikuwa wembamba, weusi wenye mabaka ya rangi ya chungwa, miguu sita mbele, mkia umechongoka, wanatembea kama kenge wadogo. Hao ndio watoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, ambaye kila mtu anamjua na kumpenda akishakuwa mkubwa. Mtoto huyo hula vidukari kutwa nzima. Tuliwarudisha mmojammoja kwenye majani. Kwa hiyo kabla hujaua, chukua dakika 5 uangalie mdudu anakula nini: jani, au mdudu mwenzake. Vilevile majimoto, wale sisimizi wekundu, kwenye mnazi wako: wanauma, najua, lakini ndio wanaomfukuza mdudu anayefyonza nazi changa hadi zikadondoka. Wazee wa pwani hawakuwaacha pale kwa uvivu.

Nzi weupe ni habari nyingine, kwa sababu wanabeba virusi. Nyanya iliyodumaa, majani madogo yamekunjamana na kuwa ya njano kwenye kingo, wakulima wanaita rasta, na hakuna dawa ya kuiponya, ya asili wala ya dukani. Ng'oa huo mche leo, usiuonee huruma, kwa sababu kila nzi anayefyonza hapo anaipelekea miche mingine. Msimu ujao funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo sana tangu siku ya kusia mbegu. Mche ukiambukizwa kitaluni, umeshachelewa.

Kuhusu mwarobaini, watu huutumia vibaya kisha wanasema haufanyi kazi. Nguvu yake kubwa iko kwenye mbegu kuliko majani. Okota mbegu zilizoiva, osha nyama ya tunda, anika kivulini. Zikiota kuvu tupa. Twanga gramu 500 za kokwa, loweka kwenye lita 10 za maji usiku mmoja, chuja kwa kitambaa cha khanga kikuukuu, tia vijiko viwili vya sabuni laini ya maji ili dawa ishike kwenye jani. Usitie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza. Jaribu kwenye mmea mmoja kwanza, ungoje hadi kesho yake. Puliza jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu, na elekeza pua ya bomba chini ya majani. Halafu usitegemee kuona mizoga asubuhi. Mwarobaini humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba akue. Rudia baada ya siku 5 hadi 7.

Na usidhani kila cha asili hakina madhara. Mmea wa utupa huua samaki, wazee walivulia kwa huo. Usiutumie karibu na kidimbwi wala bwawa la samaki. Pareto, ambayo hulimwa kule Iringa, huua nyuki sawasawa na inavyoua kiwavi. Maji ya tumbaku ni sumu kwa anayepuliza pia, na yanaweza kuleta virusi vya tumbaku kwenye nyanya. Mimi niliyaacha zamani.

Kantangaze, nondo mdogo wa nyanya ambaye aliingia Tanzania mwaka 2014 na kuwatia umaskini wakulima wengi wa nyanya, usimsubiri. Ukiona mabaka mapana yaliyopauka kwenye jani, liinue uliangalie kwa jua: utamwona kiwavi ndani, kama kivuli kidogo kinachosogea. Chuma jani hilo, litie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga, uache juani siku kadhaa. Usilitupe kwenye mboji. Nyanya zenye matundu nazo vivyo hivyo.

Mmea kunyauka ndiko kunakowachanganya zaidi wageni, kwa sababu kitu cha kwanza wanachofanya ni kuongeza maji. Ukiuona umenyauka asubuhi wakati udongo una unyevu, maji siyo shida. Ng'oa mmoja, uutoe mhanga. Tazama mizizi: ikiwa imevimba mafundomafundo kama tangawizi, ni minyoo fundo. (Kwenye kunde na maharage usichanganye na zile nundu njema, hizo zimening'inia ubavuni mwa mzizi, hutoka kwa kukwanguliwa na ukucha, na ukizipasua ndani ni za waridi.) Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina la chini, sentimita 5 hivi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ungoje dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama moshi wa ubani zinashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Mara ya kwanza nilipoziona nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu nilijua maana yake: pale hapatapandwa nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Ng'oa na udongo wake wa karibu, choma, osha jembe na viatu. Panda mahindi au vitunguu.

Kwa minyoo fundo kuna matumaini zaidi. Mwezi Januari au Februari, jua linapochoma, lowesha tuta, lifunike kwa plastiki angavu iliyobana kingo kwa wiki 4 hadi 6. Au panda marejea, mmea wa jamii ya kunde, ile ambayo wamisionari wa Peramiho waliihimiza sana kwa wakulima wa Ruvuma. Hutia naitrojeni kwenye udongo na minyoo hiyo haistawi kwenye mizizi yake. Ifyeke inapoanza kutoa maua, uifukie.

Nyanya ikioza kitako, pale chini pakawa peusi pakavu kama ngozi, usipulize chochote. Siyo kuvu. Tunda limekosa kalisiamu, na kwa kawaida kalisiamu ipo ila maji hayakuja kwa mpangilio: leo gharika, halafu siku 3 kavu. Maganda ya mayai yanachukua muda mrefu mno kuoza kuokoa msimu huu. Mwagilia kiasi kilekile kila asubuhi, kwenye shina, ongeza matandazo, na matunda yanayofuata yatatoka mazima. Ila onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi na kingo za majani zinaungua, maharage yatakushinda. Panda spinachi, inavumilia.

Mbele ya nyumba, kosa ni lilelile la haraka. Ukoka wa Pemba ukikatwa hadi mchanga uonekane, jua huunguza mashina na ndago, lile gugu sugu, hupata mwanga iliokuwa inausubiri. Kata theluthi moja tu ya urefu, acha vipande vilivyokatwa vilale hapohapo vioze. Mwagilia mara mbili kwa wiki hadi maji yashuke kina cha kidole, kuliko kurashia kila siku. Ndago ukiivuta kwa mkono, jani hutoka na kijiazi hubaki chini, kisha vijiazi jirani vilivyolala vinaamka. Chimbua kwa uma wa bustani ukifuata ule uzi mweusi, au ukate kila jani linapochomoza, wiki hadi wiki, hadi kijiazi kiishiwe akiba. Kwenye matuta ya mboga mimi huibana kwa matembele. Ndago haipendi kivuli.

Mwisho, nunua tochi. Miche inayokatwa chini kabisa kama kwa kisu, ukaikuta imelala asubuhi, ni kazi ya kiwavi aitwaye sota, na mchana hutamwona. Nenda saa tatu usiku, ufukue udongo kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa. Utamkuta kajikunja mviringo, rangi ya udongo, sentimita chache tu kutoka shinani. Masika yakianza, saa hiyohiyo konokono wakubwa wako juu ya matandazo. Vaa glavu kuwaokota, na watoto wasiwashike kwa mikono mitupu. Bata wangu wawili huniletea msaada alfajiri, ila nawafungia kabla jua halijapanda, la sivyo wakimaliza konokono wanahamia kwenye mchicha.